Treni ya Askari Ikipita Luena: Mwongozo kwa Mwandishi Chipukizi

Mdogo wangu unayetaka kuingia kazi ya redio hapa Luena, nchini Kongo, wakati nchi iko vitani, usianze na simu mpya. Nunua daftari dogo linaloenea mfukoni mwa shati, na kalamu mbili. Simu ndiyo kitu cha kwanza ambacho askari atakuomba, na ikishachukuliwa inaondoka na namba za watu wote waliokuamini. Majina ya watu hao usiyaweke hata kwenye daftari. Yakae kichwani.

Sasa nenda stesheni. Mji wetu unajulikana kwa makaa ya mawe, lakini utajiri wako wewe ni reli. Treni ya SNCC, shirika letu la reli, ikitoka Lubumbashi kwenda Kamina, ikishapita Tenke lazima ipite hapa kabla ya kufika Bukama. Kamina kuna kambi kubwa ya jeshi iliyojengwa na Wabelgiji, na ndiko reli inakogawanyika: njia moja inaelekea Kananga, nyingine Kabalo mpaka Kalemie. Ipo siku utakuta mabehewa yamejaa vijana wenye sare. Simama karibu na akina mama wanaouza mayai ya kuchemsha dirishani. Hapo ndipo chuo chako cha uandishi kilipo, na karo yake ni yai moja.

Maswali mawili usiyaulize: wako wangapi, na watafika saa ngapi. Hata ukijua jibu bila kuuliza, lala nalo. Treni iliyotangazwa redioni inaweza kuviziwa njiani, na ndani yake wamo watoto wa watu. Jeshi likikuambia hiyo ni siri, lina haki, na mimi nitasimama upande wake bila kusita.

Yote mengine ni yako. Mtazame yule kijana anayenyoosha mkono dirishani. Ameshika yai, mama anamngoja, anapapasa mfuko wa kwanza, wa pili, kisha anageuka ndani kuwaita wenzake. Noti moja inatoka huku, nyingine kule, zimekunjwakunjwa. "Bado mia moja, mwanangu," mama anasema. Liandike tukio hilo lilivyo. Hakuna adui atakayeshinda vita kwa kujua kwamba askari wetu watatu wamechanga ili kununua yai. Ila yuko mtu Kinshasa ambaye hatafurahi likisikika, kwa sababu litaulizwa swali la mshahara. Jifunze kuwatenganisha hao wawili, adui na mkubwa aliyekasirika, maana kazi yako yote imesimama juu ya tofauti hiyo.

Serikali yetu imewahi kuwachanganya hao wawili: Julai 2009 iliizima RFI, redio ya Ufaransa, kwenye masafa ya FM nchini kote. Waziri wa mawasiliano wa wakati huo, Lambert Mende, aliilaumu redio hiyo kwamba habari zake zinawachochea askari kuasi. Ilirudi hewani Oktoba 2010. Mimi nasema askari asiyelipwa hahitaji sauti ya kutoka Paris imweleze kwamba mfuko wake mtupu. Anayehitaji kuelezwa ni raia anayedhani mshahara ule ulifika.

Sasa hesabu ya waliokufa. Usiku wa tarehe 10 Machi 2022, treni ya mizigo iliyotoka hapa Luena kwenda Tenke ilianguka Buyofwe, na ndani yake walikuwamo wasafiri waliodandia. Haikupita muda wakuu wakataja hadharani waliokufa, zaidi ya 60. Ilikuwa aibu kubwa kwa shirika la reli, lakini idadi ilisemwa na familia zikajua pa kuwatafuta watu wao. Basi aliyekufa kwa risasi ana kosa gani hata mama yake asiambiwe? Kenya walipitia hayo. Tarehe 15 Januari 2016 Al-Shabaab waliivamia kambi ya jeshi la Kenya huko El Adde, Somalia. Serikali haikutoa idadi ya waliouawa, na siku chache baadaye mwandishi Yassin Juma alikamatwa kwa sababu ya aliyoyaandika mtandaoni kuhusu shambulio hilo. Unapokuwa na hesabu yenye uhakika, ngoja familia ziarifiwe kwanza, halafu itoe. Usipokuwa na uhakika, kaa kimya siku hiyo. Radio trottoir, yaani uvumi wa mitaani, itakutangulia kwa saa kadhaa na itakosea. Iache itangulie.

Vitisho visome mwenyewe, neno kwa neno. Tarehe 7 Januari 2025 waziri wa sheria wa wakati huo, Constant Mutamba, aliandika mtandaoni kwamba mwanasiasa, mwandishi au mwanaharakati atakayesambaza shughuli za jeshi la Rwanda na waasi wa M23 atakutana na ukali wa sheria, akataja adhabu ya kifo. Mwezi huohuo CSAC, baraza linalosimamia vyombo vya habari, likaisimamisha televisheni ya Al Jazeera baada ya mahojiano na Bertrand Bisimwa wa M23. Tarehe 27, M23 wakaingia mji wa Goma, mashariki mwa nchi. Bandika ukutani kifungu cha 24 cha Katiba yetu ya 2006: kila mtu ana haki ya kupata habari. Kinaweka mipaka, ndiyo, ya sheria, utulivu wa umma, maadili mema na haki za wengine. Tamko la waziri mtandaoni halimo katika mipaka hiyo.

Wala usidhani upande wa pili ni kimbilio. Chini ya M23 redio zinaelekezwa cha kusema, na waandishi wengi wameikimbia Goma. Ukimhoji muasi, muulize kuhusu waliouawa na watu wake kwa ukali uleule unaoutumia kumuuliza kanali wa serikali. Akija na karatasi yenye majibu tayari, zima kinasa sauti.

Siku moja utaitwa kambini. Nenda, lakini usiende peke yako. Acha nakala ya habari yako kwa mtu wa nje, na ulijulishe Journaliste en danger, shirika la kutetea waandishi kule Kinshasa, saa unayoingia. Salimia kwa heshima, kaa unapoonyeshwa. Mkubwa akikuuliza nani alikuambia, jibu kwamba hilo hulisemi. Akikuuliza kwa nini unalidhalilisha jeshi, fungua daftari umuulize, "Mkubwa, familia za waliokufa zimeshaarifiwa?" Andika jibu lake lote. Akikataa kujibu, andika kwamba amekataa, tarehe na saa, kisha uombe ruhusa ya kuondoka. Taarifa ya jioni inakungoja.