Asilimia Kumi ya Mwenyekiti

Kila Juni mtaani kwetu kila mtu ni mchumi. Waziri wa Fedha akishasoma bajeti kule Dodoma, kijiwe chetu cha kahawa kinageuka kamati ya Bunge, ila sisi hatuna posho. Na siku hizi hoja inayowapandisha watu mori ni ardhi: kodi za kuuziana viwanja na nyumba zipunguzwe, ziachwe, au zifutwe kabisa. Muuza kahawa anataka zifutwe. Fundi cherehani anataka zipande, lakini kwa wenye maghorofa tu. Kinyozi, ambaye hana hata pa kufugia kuku, ndiye mkali kuliko wote.

Nilikuwa nasikiliza tu, nakunywa changu, hadi shemeji yangu aliponibeba nikawe shahidi akinunua kiwanja huko Chanika. Tangu hapo sinyamazi.

Kiwanja kina hati, bei milioni 30. Ushuru wa stempu ni kama asilimia 1, yaani laki tatu hivi. Hapo hakuna wa kulia. Mzigo wenyewe uko kwenye kodi ya faida aliyopata muuzaji, asilimia 10. Ni ya muuzaji, sheria inasema hivyo, na shemeji alikuwa anatembea kifua mbele akijua haimhusu. Lakini sheria hiyohiyo inasema Msajili wa Hati haandikishi uhamisho mpaka aone cheti cha TRA kwamba kodi imelipwa. Sasa niambieni. Tuseme muuzaji hela ameshaitia mfukoni, simu inaita tu haipokelewi. Anayeitaka hati ni nani? Ni shemeji. Basi kodi ya muuzaji inatafuta njia yake polepole mpaka inafika kwa mnunuzi, na hakuna mbunge aliyesimama kuomba mwongozo wa Spika.

Muuzaji wetu, tushukuru Mungu, alikuwa mzee muungwana. Simu anapokea. Tatizo lake ni kwamba ni mtunza karatasi. Mkataba alionunulia kiwanja kwa milioni 8 anao, umekunjwa ndani ya nailoni, nailoni ndani ya bahasha, bahasha chini ya godoro. Kwa hiyo hesabu yake ni nyepesi: milioni 30 toa 8, faida milioni 22, asilimia 10 ni milioni mbili na laki mbili.

Ila tangu mwaka 2023 Sheria ya Fedha ina mlango mwingine. Asiye na vielelezo vya gharama alizoingia analipa asilimia 3 ya bei ya kuuzia, au ya thamani iliyoidhinishwa na mthamini, ile iliyo kubwa. Asilimia 3 ya milioni 30 ni laki tisa. Nilipiga hesabu hiyo mbele ya mzee, na mzee akaitazama bahasha yake kwa huzuni. Panya mmoja tu mwenye njaa angemwokolea milioni moja na laki tatu. Miaka yote hiyo anawatega!

Najua nia ilikuwa njema. Viwanja vingi mjini vimeuzwa kwa mdomo na mashahidi wawili, mmoja wao ameshafariki, na ilibidi watu hao nao watafutiwe namna ya kulipa. Lakini mtu aliyetii akapitwa na mtu aliyepoteza? Hilo kijiweni tumelikataa kwa kauli moja, pamoja na kinyozi.

Dalali akaona tunajitesa bure. Akatuvuta pembeni: "Mabosi, mkataba tuandike milioni 12. Mzee kodi inashuka, na bwana mkubwa stempu inashuka. Kila mtu anakula chake." Macho ya shemeji yakang'aa. Nikamuuliza: mthamini wa serikali anakuja kusoma mkataba wako, au anakuja kukitazama kiwanja? Na wewe shemeji, siku ukiuza kwa milioni 60, faida yako itahesabiwa kuanzia 12, si kuanzia 30. Hizo milioni 18 za katikati utasema ulizitoa sadaka? Dalali alinitazama kama mtu aliyeleta kitimoto kwenye futari.

Halafu tukaenda kwa mwenyekiti wa mtaa. Kisheria hatukuwa na shida naye, kiwanja kimepimwa na kina hati. Lakini dalali akasema ukinunua kimyakimya, kesho jirani akihamisha bikoni utamlilia nani? Tukaingia. Mwenyekiti akatukaribisha vizuri sana, akatoa muhuri, akaupuliza, akauweka mezani pasipo kuugonga. Akasema hapa mtaani kuna utaratibu: asilimia 10 ya ofisi.

Asilimia 10 ya bei, si ya faida. Milioni tatu! Haimo kwenye sheria yoyote ya nchi hii, wakubwa wa wizara ya ardhi wamekemea mpaka sauti zimekauka, na bado kila mnunuzi wa kiwanja Dar es Salaam anaijua kuliko ushuru wa stempu. Serikali yote, na mawaziri wake na magari yake, inachukua laki tatu za stempu kwa mnunuzi. Mwenyekiti, na benchi lake moja, anataka mara kumi yake. Risiti? Alicheka kwa upole, kama aliyeulizwa na mtoto.

Shemeji akaanza kubembeleza. Watoto wanasoma, mama mgonjwa, mkopo wa kikundi. Milioni tatu zikawa mbili, mbili zikawa moja na nusu, tukaishia laki tano na kreti ya soda. Yaani mageuzi ya kodi ambayo Dodoma huchukua kikao kizima, kule Chanika yalipita kabla muhuri haujakauka.

Mimi mwenyewe ni mpangaji, na msidhani nimesalimika. Kodi ya majengo tangu Agosti 2021 inakatwa kwenye umeme wa Luku. Ilianza na shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, Julai 2023 ikawa 1,500. Jengo si langu, umeme ndio wangu, kwa hiyo nakatwa mimi. Tuliambiwa tukaelewane na wenye nyumba. Mwenye nyumba wangu huelewana na mtu mmoja tu duniani, naye ni yeye mwenyewe.

Ndiyo maana wakianza kubishana asilimia ngapi, mimi nauliza dirishani atakuwa amesimama nani. Anayetaka hati ndiye analipa. Anayetaka taa iwake ndiye analipa. Hata ule msamaha wa VAT wa mwaka 2023, wa nyumba mpya zisizozidi milioni 50, kijiweni ulishangiliwa sana, mpaka fundi cherehani alipouliza nyumba hizo ziko wapi akanunue.

Dalali yule bado ananitumia matangazo kwenye WhatsApp, ingawa nilimwambia sina hela. La jana lilisema: kiwanja kinauzwa, 20 kwa 20, maji na umeme jirani, barabara inapitika masika, muuzaji kapoteza karatasi zote za manunuzi, wahi.