Saa ya Kuzamia Ukweni

Jumapili, ukweni, mbele ya mama mkwe, mashemeji wote na mjomba mmoja aliyekuja kutoka Korogwe, saa yangu ilitoka jasho. Si mkono. Saa.

Soda zilikuwa zimelazwa kwenye beseni la maji ya barafu, na alihitajika mtu wa kuzitoa. Mkwe mwenye akili angevua saa, akatoa soda za watu, akarudi kukaa. Mimi nilikunja shati, saa nikaiacha mkononi, nikazamisha mkono hadi kiwiko, taratibu, huku nikiangalia nani anaangalia. "Shemeji, saa hiyo," akasema shemeji yangu. Maneno hayo nilikuwa nimeyasubiri tangu siku niliyoinunua. "Hii ni Seiko ya kuzamia," nikajibu. "Mita 150." Mjomba wa Korogwe akataka kujua ni ya kuzamia meli au kuzamia harusi. Watu wakacheka. Sikujali. Mkono nikauacha humo humo kwenye barafu, ushahidi uonekane.

Nilipoutoa, kioo kilikuwa cheupe kwa ndani. Mishale haionekani, tarehe haionekani, hata jina la Seiko halionekani. "Imepata mtoto wa jicho," akasema mjomba.

Saa ikazungushwa meza nzima, na kila aliyeishika alikuwa na dawa yake. Mmoja akashauri ianikwe juani. Mwingine akaipuliza. Mama mkwe, ambaye hajawahi kunicheka na ndiyo maana iliuma zaidi, akaagiza liletwe bakuli la mchele, ile dawa ya simu zilizotumbukia chooni. Seiko yangu ikafukiwa mcheleni, bakuli likawekwa kabatini kando ya picha ya marehemu baba mkwe, kisha tukaombea chakula. Katikati ya maombi mtoto wa shemeji akauliza kama mle ndani mna samaki. Hakuna aliyemkemea. Shemeji naye, mwenye Casio ya plastiki aliyoinunua kituo cha daladala, akanawa bila kuivua, akanitazama, akasema: "Saa nane na dakika kumi." Sikuwa nimemuuliza.

Kinachokera ni kwamba pale kwenye beseni nilifanya kipimo halisi cha kifundi. Fundi akitaka kujua kama saa imeingiza unyevu, huipasha joto kidogo, kisha huweka tone la maji baridi juu ya kioo. Hewa ya ndani ikiwa na unyevu, ukungu hutanda chini ya lile tone. Jua la Dar es Salaam lilishaipasha saa yangu, barafu ikamalizia. Watu hulipia huduma hiyo. Mimi niliipata bure, mbele ya ukoo mzima.

Na msidhani niliinunua kwa kubahatisha. Nyuma, kwenye mfuniko, imeandikwa 6309-7040. Namba nne za kwanza ni za mashine, za mwisho ni za bodi, na saa za aina hii zilitengenezwa kuanzia 1976 hadi 1988. Halafu kuna namba ya mfululizo, na hapo ndipo utamu ulipo: tarakimu ya kwanza ni ya mwisho ya mwaka, ya pili ni mwezi. Januari hadi Septemba ni 1 hadi 9. Oktoba ni O, Novemba ni N, Desemba ni D. Yangu inaanza na 7N, yaani Novemba ya 1977 au ya 1987, muongo haujaandikwa. Nilichagua 1977. Muuzaji naye alinithibitishia, kwa sababu babu yake aliivaa akiwa baharia. Kila muuza saa kuukuu ana babu aliyekuwa baharia. Kwa hesabu hiyo pwani hii haikuwahi kuwa na mkulima hata mmoja.

Jumatatu nikaipeleka Kariakoo kwa mzee mmoja anayekaa chini ya ngazi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Lete."

Akavaa lenzi jichoni, akafungua mfuniko, akakaa kimya muda mrefu. Halafu kwa kibano akachomoa kijipete cheusi cha mpira, akakiweka juu ya kidole changu. Kilikuwa na kona. Gasketi ya kiwandani haina kona. Hiki kilikatwa kwa mkasi kutoka tyubu ya baiskeli. Mashine ilikuwa 6309 kweli, ila ya Seiko ya kawaida, maana mashine hiyo haikufungwa kwenye saa za kuzamia peke yake. Uso ulikuwa umepakwa rangi upya. Chini kabisa, panapotakiwa pawe na vijiherufi vya namba ya uso, palikuwa na weusi mtupu. Hata kile kitufe cha pembeni kilishaisha nyuzi.

"Bodi tu ndiyo iliyoiona bahari," akasema mzee.

Mezani pake kulikuwa na Vostok Amphibia ya Kirusi, na hapo nikasahau msiba wangu. Saa hiyo ilitoka 1967, katika kiwanda cha mji wa Chistopol, kazi ya wahandisi Mikhail Novikov na Vera Belova. Ilitakiwa ihimili mita 200. Njia ya kawaida ni kuchonga chuma kwa usahihi mkubwa na kukikaza hadi maji yakose pa kupita. Wao wakaamua maji yenyewe yafunge saa. Mfuniko wa nyuma una vipande viwili: kisahani kisichozunguka, na pete yenye nyuzi inayokikandamiza, kwa hiyo unapokaza, gasketi haisokotwi. Na gasketi yenyewe ni nene, pana. Kadiri unavyoshuka ndivyo bahari inavyokisukuma kisahani juu ya mpira, ndivyo saa inavyozidi kujifunga. Kioo cha plastiki nacho hukandamizwa hadi kikabana kingo zake. Kitufe cha pembeni, ukikifungua, hulegea na kuchezacheza, na hivyo ndivyo kilivyokusudiwa: hakijashikana moja kwa moja na mashine, ili kikigongwa pigo lisifike ndani. Ninayo moja. Muuzaji alinipunguzia bei akidhani kitufe kimevunjika, kisha fundi mwingine mwenye moyo mwema akakibandika kwa gundi.



Picha za Seiko yangu baadaye nilimtumia mkusanyaji mmoja wa saa wa Ulaya. Alijibu kwamba si halisi, ni viraka, haina thamani. Sawa. Lakini miaka ya 1980 nchi hii haikuwa na fedha za kigeni, sabuni na sukari zilitafutwa kwa foleni; nani angeagiza gasketi ya Seiko kutoka Japani? Mtu alikuwa na saa na kazi ya kuwahi. Fundi akachukua mashine ya saa iliyokufa, akaitia kwenye iliyo hai. Aliyekata ile tyubu alijua fika kwamba haitashuka mita 150. Ilitakiwa ivuke masika. Sasa saa iliyolala kwenye droo Ulaya, isiyowahi kumwahisha mtu popote, inaitwa safi na kupandishwa bei kila mwaka, na hii iliyofanya kazi inaitwa takataka, na anayeiita hivyo ndiye anayepanga bei. Lakini anapotaka bodi peke yake, huwa anajua kuandika "tafadhali".

Mzee alitia gasketi mpya, akapaka grisi, akakaza. Elfu tano. Nikamuuliza kama sasa itafika mita 150.

Akavua lenzi. "Wewe mwenyewe unafika ngapi?"

Mimi hata kuogelea sijui. Nikalipa.