Mama Mkwe na Imbabura

Mimi nasema Bujumbura hakuna baridi. Baridi iko Bugarama, kule juu ambako mtu akisalimia mdomo unatoa mvuke. Sisi tuko kando ya ziwa Tanganyika, mita 800 hivi tu juu ya usawa wa bahari, na jasho ni letu mwaka mzima. Lakini mvua ikipiga hapa kwetu Kanyosha usiku mmoja tu, utadhani tumehamia Ulaya. Wa pikipiki kavaa koti la manyoya, watoto wamevishwa soksi, na imbabura, yaani jiko letu la mkaa, inaingizwa chumbani.

Imbabura hiyo ndiyo inayonikera. Mchana ina adabu zake: inakaa uani na kupika maharage mpaka watu wasahau kuwa walikuwa na njaa. Jua likizama, inataka kulala ndani kama mgeni wa heshima.

Kwetu ilikaribishwa na mama mkwe, aliyetoka Nyanza-Lac kwenye michikichi na joto lake. Na mama mkwe, wenye wake mtanielewa, habishiwi. Nilipogusia kwa mbali kwamba ule moto una hatari, alinijibu kwa upole: "Mkwe wangu, moshi umekwisha. Mkaa umeiva."

Umeiva, naam. Mkaa mwekundu usio na moshi ndio unaotoa kaboni monoksidi bila hodi. Haina rangi wala harufu. Ukiivuta inaing'ang'ania damu mara 200 na zaidi kuliko oksijeni, kwa hiyo damu inazunguka mwilini mikono mitupu. Kichwa kinauma, unachefuka, unalegea. Wewe unasema hii ni malaria, unajifunika vizuri zaidi na kuomba imbabura isogezwe karibu.

Nikapeleka ujumbe kwa njia halali, yaani kupitia mke wangu. Jibu likarudi: mama ataweka beseni la maji kando ya moto, maji yanakula sumu. Maji hayali kitu! Hewa hiyo karibu haiyeyuki majini; beseni litakusaidia kunawa miguu tu. Basi mama ataacha mlango wazi kidogo. Mlango upi, huu uliosokomezwa kanga kuukuu chini kuzuia mende?

Hapo sijafika kwa mwenye nyumba. Aliyeijenga nyumba hii aliweka matofali ya matundu juu ya kila dirisha. Mwenye nyumba akaja kuyaziba kwa saruji, ati wezi wanapitisha fimbo na kuvua suruali zilizotundikwa. Yaliyosalia, mpangaji aliyetutangulia aliyaziba kwa mifuko ya plastiki kwa ajili ya mbu. Mwizi kazuiwa, mbu kazuiwa, na sisi tumo ndani na imbabura.

Msidhani wenye pesa wamesalimika. Jamaa yangu wa Kinindo amefungiwa mashine ya gesi ya kuchemsha maji, ndani ya bafu. Fundi alipandisha bomba la moshi likaishia darini. Nikamuuliza mbona halitoki nje. "Gesi haina moshi, patroni." Gesi ikiungua penye hewa haba inatoa sumu ileile ya mkaa, na bomba linalomwaga darini linairudisha chumbani. Bomba litoboe ukuta au bati na kutoka kabisa. Mashine yenyewe ingefaa ikae nje ya bafu, mahali penye hewa. Na mtungi ukae uani, kwa sababu gesi yake ni nzito kuliko hewa: ikivuja inalala sakafuni kungoja kiberiti. Fundi alinitazama kwa huruma, kisha akaomba faranga za saruji azibe ufa uliobaki juu ya dirisha.

Nikajaribu historia. Nikamsimulia mama mkwe kwamba wachimba makaa ya mawe wa Uingereza walikuwa wakishuka shimoni na ndege aitwaye kanari. Ndege akizirai kwa sumu hiyohiyo, watu wanatoka mbio. Walianza kuwaachisha kazi ndege hao mwaka 1986 tu, vilipokuja vifaa vya elektroniki vya kupima hewa. Akasikiliza vizuri, akauliza kama kanari analiwa. Sisi tuna kuku, lakini kuku wetu ana akili, analala uani.

Mke wangu ndiye aliyeleta mapatano. Imbabura inabaki uani ikichemsha maji, maji yanatiwa kwenye chupa, chupa inaviringishwa kitenge na kuingia kitandani kwa mama. Mama hajasema kwamba nilikuwa na haki. Anasema tu kuwa chupa haimwagi majivu.

Sasa nina neno na mwenye nyumba. Mzee wangu, mvua za Oktoba ziko njiani. Njoo na nyundo uyafungue yale matundu, nyavu za mbu nitanunua mimi. Suruali zangu nitazitundika mbali na dirisha.