Sifa za Foleni Isiyo na Haja

Nazi imesifiwa, embe limesifiwa, hata punda wa mchukuzi amepata wa kumtetea. Foleni huambulia matusi tu. Mimi niliyekesha ndani yake usiku wa kuamkia tarehe 23 Machi 2007, jijini London, na makoti mawili mwilini, naona hiyo ni dhuluma, na leo nataka kuilipa deni lake.

Tulikuwa tukingoja PlayStation 3, mashine ya michezo ya Sony. Wajapani walishaipata tangu tarehe 11 Novemba 2006, Wamarekani siku sita baadaye. Sisi wa Ulaya tuliambiwa tuvute subira hadi Machi, maana vile vijitaa vya leza ya buluu vya kusomea diski za Blu-ray havikutosha. Kwa hiyo tulianza kupanga foleni miezi minne kabla hatujatoka vitandani. Na bei yake, pauni 425. Wahenga walisema subira huvuta heri. Kuhusu pauni 425 walinyamaza.

Foleni nimelelewa nayo. Dar es Salaam, mwanzoni mwa miaka ya 1980, sukari ilikuwa habari na sabuni ilikuwa uvumi. Ukikuta watu wamejipanga nje ya duka, kwanza unashika nafasi, ndipo unauliza kinachouzwa, na mara nyingi aliye mbele yako naye hajui. Mama alikuwa na jiwe lake la kushikia nafasi, bapa, lenye alama ya mkaa. Jiwe lilisimama foleni tangu alfajiri wakati yeye akipika uji, na watu waliliamkia kama mtu mzima. Nakumbuka siku moja limefika la tatu kutoka dirishani, karani akafunga dirisha. Nililibeba hadi nyumbani.

Lakini foleni ile, kwa heshima zote, ilikuwa na dosari: ilikuwa na sababu. Aliyekosa sukari alikunywa chai chungu. Ya London haikuwa na doa hilo. Hakuna mtu aliyewahi kulala njaa kwa kukosa PlayStation. Tulikesha kwa sababu wengine walikuwa wanakesha, na hiyo ndiyo foleni iliyokomaa, iliyojitakasa na haja zote za dunia.

Adabu yake sasa. Mbele yangu alikuwa kijana wa viatu vya turubai aliyekuja na kiti cha kukunja na begi la chipsi. Nyuma yangu mzee wa Kihindi na chupa yake ya chai, katumwa na wajukuu, nao wamelala. Saa nane za usiku kibofu kilipodai haki yake, nilimwambia mzee, "Niangalizie nafasi." Hatukuwa tumeulizana hata majina. Nilitembea mitaa miwili kutafuta choo, nikarudi nikakuta nafasi yangu imekaa palepale, pana kama mlango, na mtu mmoja aliyejaribu kuisogelea amerudishwa nyuma kwa kikohozi tu. Kuna ndugu wa damu nisiowaamini kiasi hicho.

Kabla ya hapo kulikuwa na habari za Oxford Street. Duka la Virgin la huko lilifungua saa sita usiku, na Sony wakawashangaza wote waliokuwa kwenye mstari, watu zaidi ya mia: kila mmoja televisheni ya inchi 46, na teksi ya kumpeleka nyumbani. Habari ilitufikia kwa ujumbe wa simu. Duka letu lilikuwa la kufunguliwa saa tatu asubuhi, na zawadi yake ilikuwa manyunyu. Mstari mzima ulinyamaza. Kisha kijana wa viatu vya turubai akacheka peke yake, kicheko kirefu cha mtu aliyefiwa. Mimi nikajifariji kwamba aliyepewa televisheni hawezi tena kuthibitisha kuwa aliipenda foleni kwa moyo mweupe. Sisi tulikuwa na ushahidi, ulikuwa unatutiririka shingoni.

Na walanguzi walikuwepo, usidhani. Unawatambua kwa kutozungumzia michezo. Walikuwa wamesikia ya Marekani, ambako mashine ya dola 599 iliuzwa tena kwenye eBay kwa bei ya kukupandisha presha. Kwetu mwaka 1983 Waziri Mkuu Sokoine alipowasaka walanguzi, kuna waliotupa sabuni vichakani usiku. Wa London hawakuhitaji kusakwa na mtu. Kilichowaangamiza nilikiona mwenyewe adhuhuri ya siku hiyohiyo.

Maana nilifika nyumbani, nikatua boksi la kama kilo tano mezani, nikafungua kwa kisu cha mkate, nikakuta waya wa HDMI haumo. Pauni 425, na waya ukanunue. Nikarudi dukani, macho mekundu. Pale tulipokesha palikuwa peupe, isipokuwa begi la chipsi. Ndani, maboksi ya PlayStation yamepangwa kama matofali ya msikiti unaojengwa, na mama mmoja mwenye mtoto mgongoni ananunua moja huku akiongea na simu. Hakusubiri hata sekunde. Nilimhurumia sana. Kijana wa kaunta alipoupokea waya wangu akauliza kama nataka na mashine yenyewe, zipo nyingi.

Jioni nilimpigia dada yangu Dar, kumwambia mzigo wa mwanawe uko tayari. Sikumgusia televisheni wala waya. Naye bei hakuiuliza.

"Kulikuwa na foleni, mdogo wangu?"

"Ya usiku kucha, dada."

"Ahaa," akasema, sauti imetulia kabisa. "Basi kitu kizuri hicho."