Kisigino Kibishe Hodi: Mwongozo kwa Waliovua Viatu

Kwanza kabisa, acha kunyata. Nakuomba kwa heshima zote. Tangu habari za kutembea peku na za viatu vya soli nyembamba ziwaingie watu wa mjini, utawakuta watu wazima wenye akili timamu wakitembea kwa kuchuchumia, visigino vikining'inia hewani, mashavu ya miguu yamekaza, wakiamini kwamba hivyo ndivyo mababu zetu walivyotembea. Hawavizii swala. Hawachungulii dirisha la mtu. Wanakwenda dukani kununua mkate. Mtu amewaambia kwamba kutua kwa kisigino ni kasoro iliyoletwa na viatu, na kwamba binadamu halisi hukanyaga kwa mbele ya wayo. Huo ni ushauri wa mbio uliopotea njia ukaingia kwenye matembezi, na unawaumiza watu bure.

Ukitembea, kisigino kinatangulia. Uwe peku, uwe na katambuga, uwe na kiatu cha ngozi cha harusini, kinatangulia kisigino. Viatu vya soli nene vimetuharibia jambo jingine: vimetufundisha kukibamiza. Kwa hiyo somo lote la leo ni adabu. Mgeni mwema habamizi mlango wa watu. Anabisha hodi, anapokewa, ndipo anaingia na mizigo yake. Kisigino nacho kiguse ardhi kwanza, kwa upande wake wa nje kidogo, kwa wepesi. Uzito ufuate nyuma yake, upite ukingo wa nje wa wayo, uvuke hadi kwenye nundu iliyo chini ya kidole gumba, kisha gumba lenyewe lisukume na kuondoka. Mwendo huo ni mmoja, hauna vituo. Ukiugawa vipande kichwani utatembea vibaya, kwa hiyo ukishausoma hapa, uache uende.

Kama huniamini, keti chini, shika mguu wako mmoja. Bonyeza kisigino: chini ya ngozi kuna mafuta yaliyofungwa ndani ya vifuko vidogo vya nyuzi imara, yakibonyea na kurudi. Yamewekwa pale pale unapotua. Sasa kunja kidole gumba kuelekea juu kwa mkono wako, huku ukitazama tao la wayo. Umeliona likipanda? Kuna utando mgumu unaotoka kisigino hadi kwenye vidole, na vidole vinapokunjwa juu unavutwa na kulikaza tao lote. Mganga mmoja Mwingereza, J. H. Hicks, aliieleza kazi hiyo mwaka 1954. Kwa hiyo wayo ule ule unatua ukiwa mlaini na kuondoka ukiwa mgumu, katika hatua moja, mifupa 26 ikifanya kazi kwa zamu. Anayechuchumia njia nzima anauruka mwanzo wa hatua, sehemu ambayo mguu ulikuwa unapumzika.

Na analipa. Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Utah, Marekani, walipima nguvu ambazo mwili unatumia. Aliyetembea kwa mbele ya wayo, kisigino kikiwa juu kidogo, alitumia nguvu zaidi kwa asilimia 53 kuliko aliyetangulia kwa kisigino. Aliyetembea kwa ncha za vidole alizidisha kwa asilimia 83. Walipowapima wakikimbia, tofauti hiyo haikuonekana. Ndiyo maana nasema ushauri huu umepotea njia: kukimbia na kutembea ni kazi mbili, na mguu unazijua zote mbili kuliko mwenye mguu.

Tena ushahidi mkubwa tunao hapa kwetu. Kule Laetoli, ndani ya eneo la Ngorongoro, viumbe waliotutangulia walipita juu ya majivu ya volkano yaliyoloa mvua, miaka milioni 3.66 iliyopita. Majivu yakakauka, yakafunikwa na mengine, na mwaka 1978 timu ya mwanaakiolojia Mary Leakey ikazifukua nyayo zao katika mstari wa mita 27 hivi. Mwaka 2016 Fidelis Masao wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzake wakatangaza nyayo nyingine, si mbali na zile za kwanza. Zitazame picha zake kwa utulivu. Kisigino kimezama vizuri. Gumba limelala mbele sambamba na vidole vingine, halikukaa pembeni. Hakuna aliyenyata pale, na hapakuwa na duka la viatu umbali wa miaka milioni tatu na ushee. Anayetaka kutembea kama mababu anao mfano wa mababu wenyewe, uliochapwa ardhini mkoani Arusha.

Mkanganyiko ulitoka wapi? Mwaka 2010 huo huo, Daniel Lieberman wa Harvard na wenzake walichapisha utafiti uliosifika sana, walioufanya kwa kiasi fulani na wakimbiaji wa Bonde la Ufa nchini Kenya. Waliozoea kukimbia peku walitua mara nyingi kwa mbele ya wayo, na kile kishindo cha ghafla cha kutua kikapungua. Mwaka mmoja kabla, kitabu cha Christopher McDougall kilikuwa kimeshawasisimua watu kwa habari za wakimbiaji Wararámuri wa Meksiko na makubadhi yao ya mpira wa tairi. Watu wakakumbuka pia Abebe Bikila, aliyeshinda marathoni ya Olimpiki mjini Roma mwaka 1960 bila kiatu. Basi ikawa sheria. Lakini mwaka 2013 watafiti waliwapima Wadaasanach wa kaskazini mwa Kenya, watu waliokua peku, wakawakuta wengi wao wakikimbia kwa mwendo wao wa kawaida hutua kwa kisigino. Kama hata mbio hazina sheria moja, kwa nini mtu anayekwenda sokoni abebeshwe sheria ya mbio?

Turudi kwenye mguu wako. Chukua ndala zako za zamani, zile ambazo umekatazwa kuzivaa mbele ya wageni, uzigeuze. Palipolika ndipo unapokanyaga. Fundi viatu yeyote mwenye kigoda chini ya mwarobaini atakusomea kabla hujamweleza shida: "Dada, wewe unalalia upande." Kulika kidogo nyuma kwa nje ni kawaida, ndipo hodi inapobishwa. Ikiwa nyuma kumelika hadi mpira umekuwa karatasi na mbele bado kuna michoro, unabamiza. Ikiwa upande wa ndani wote umekwisha, wayo unaangukia ndani, na hapo polepole ni muhimu zaidi kuliko ufundi.

Kisha vua, tembea kwenye sakafu ya saruji kavu, kimya. Masikio yatakufundisha kuliko mimi. Ukisikia "pu, pu, pu" hadi vikombe vinatikisika kabatini, hatua ni ndefu mno: mguu unafika mbali mbele yako, goti limefungwa, kisigino kinakuwa breki. Usijaribu kukanyaga kwa wepesi kwa kukaza misuli. Fupisha hatua tu. Mguu utue karibu zaidi na mwili, goti likiwa limelegea kidogo, na kishindo kitapungua chenyewe. Hili nalisisitiza kwa sababu naona watu wanahangaika na pembe ya kifundo cha mguu, wakati tatizo lao lote ni haraka.

Vidole viache. Ukivaa kandambili, vidole vinajifunza kung'ang'ania ili kiatu kisiponyoke, na mazoea hayo yanabaki hata ukivua. Unakuta mtu yuko peku lakini vidole bado vimeshika kitu kisichokuwepo. Vitandaze. Macho nayo yatazame hatua kadhaa mbele, yasikodolee gumba. Anayeinama kuangalia miguu yake anabadilisha mwendo wote kuanzia shingoni.

Ardhi ikibadilika, sheria zinalegea. Kwenye kokoto, usiamini kisigino: acha wayo mzima ushuke kwa pamoja, ujaribu kabla ya kutoa uzito. Mlima unaupanda kwa mbele ya wayo bila kuambiwa. Matope ni matope. Mchanga mkavu wa ufukweni unaonekana mpole lakini unachosha mashavu ya miguu haraka sana, kwa hiyo anza na ule uliolowa, karibu na maji, unaoshika alama yako uweze kugeuka na kuisoma.

Watu wa pwani, ninyi mmeshaanza zamani. Nyumba ambayo viatu vinabaki mlangoni imekupa mazoezi ya kila siku tangu utotoni, na msikitini vivyo hivyo. Ongeza hapo dakika chache uani, kisha njia ya udongo uliopigwapigwa, kisha umbali. Usiongeze umbali na ugumu wa ardhi kwa pamoja. Mifupa haina haraka kama misuli: mwaka 2013 watafiti wa Marekani waliwahamisha wakimbiaji kwenye viatu vya soli nyembamba kwa wiki 10, na zaidi ya nusu yao wakaonekana na uvimbe ndani ya mifupa ya miguu, ishara kwamba mfupa umezidiwa. Kwa upande mwingine, utafiti wa mwaka 2019 uliwapa watu viatu hivyo wavitumie kwa kutembea tu, wakiongeza polepole kwa wiki 8, na misuli ya nyayo zao ikanenepa na kupata nguvu sawa na ya wale waliopewa mazoezi maalumu ya miguu. Kutembea kunatosha. Sioni sababu ya kuongeza fujo.

Sugu usiikwangue. Wengi wanaiona aibu, wanaisugua kwa jiwe hadi iwe nyekundu. Utafiti mwingine wa mwaka 2019, uliofanyika Kenya na Marekani kwa zaidi ya watu 100, ulionyesha kwamba sugu inayotokana na kutembea inalinda wayo bila kuuzibia hisia: mwenye sugu nene alihisi mtetemo wa ardhi sawa na mwenye ngozi laini. Soli nene ya kiatu haina uwezo huo. Ilainishe kwa mafuta isipasuke, basi.

Ukitaka kiatu, sifa ni tatu: soli nyembamba inayokunjika, kisigino kisichoinuliwa, na mbele papana ili vidole vilale vyote. Si lazima kivuke bahari. Fundi wa katambuga anayekata tairi kuukuu anakutengenezea kinachokaribia sana, ingawa mpira wake mara nyingi ni mgumu kukunjika. Mwambie achague tairi iliyolika. Na usinunue ahadi. Kampuni ya Vibram, inayotengeneza viatu vyenye vidole vitano, ilikubali mwaka 2014 kulipa dola milioni 3.75 kumaliza kesi ya wateja wa Marekani waliolalamika kwamba madai yake ya kiafya hayakuwa na ushahidi.

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa utani wote naufunga. Kuna mahali pa kutokuvua. Palipo na kinyesi ardhini pana safura, na minyoo yake wachanga hupenya ngozi ya wayo bila wewe kuhisi zaidi ya mwasho. Pana funza, mdudu aliyeletwa Angola kwa meli kutoka Brazili mwaka 1872 na kufika huku kwetu kabla karne haijaisha. Msumari wenye kutu ukukumbushe kuuliza tarehe ya chanjo yako ya pepopunda. Katika nyanda za juu za Ethiopia, Kamerun, Rwanda na Uganda, udongo mwekundu wa volkano huwaletea watu waliokwenda peku miaka mingi aina ya matende isiyohusiana na mbu, na kinga yake ni viatu na maji ya kunawa. Na mwenye kisukari aliyeanza kupata ganzi miguuni asivue kabisa, hata sebuleni, kwa sababu mguu wake hauwezi tena kumwambia kitu.

Kwa hiyo usimsifie mtoto anayekwenda shule peku kwa kukosa kiatu ukamwambia ana bahati. Mnunulie kiatu. Faida zote nilizoandika hapa ni za mtu mwenye hiari ya kuvaa na kuvua.

Jioni, osha miguu kwa sabuni, ifute vizuri katikati ya vidole, kisha ikague kwenye mwanga, chini na pembeni. Mzee asiyeweza kuinama atazamiwe na mjukuu. Maumivu ya mashavu ya miguu yanayoisha baada ya siku mbili ni ya ugeni. Maumivu ya sehemu moja juu ya mfupa, yanayozidi unapokanyaga, ni amri ya kurudi kwenye viatu vyako vya zamani na kupumzika. Ukikuta mwiba, sindano iliyopitishwa motoni inatosha. Ukikuta kidonda ambacho hata hukujua kipo, kwa sababu hakiumi, hicho usikitibu nyumbani. Asubuhi kipeleke kituo cha afya.