Barua ya Wazi kwa Bodi ya Gécamines Kuhusu Wiki Moja ya Kisiwani

Kwa Waheshimiwa Wajumbe wa Bodi, Lubumbashi,

Bodi inaombwa kumsaidia mkazi mmoja wa Tenke, ambaye katika barua hii ataitwa Mnunuzi. Ameletewa karatasi yenye picha ya minazi na mchanga mweupe. Anaahidiwa wiki moja ya kila mwaka katika hoteli ya ufukweni, kwenye kisiwa cha mbali. Wiki hiyo itaandikwa jina lake. Ataweza kumwazima shemeji, ataweza kuwarithisha watoto. Atalipa fungu kubwa mara moja, halafu ada ya matunzo mwaka hadi mwaka. Wiki nyingine 51 ni za watu ambao hatawaona kamwe.

Anunue au asinunue? Angeweza kumwuliza mchungaji wake, au wale vijana wa Fungurume wanaobadilisha dola kandokando ya barabara. Ameona hiyo ingekuwa kuwadharau wataalamu. Kongo nzima haina taasisi iliyobobea kuliko Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, katika kazi ya kumiliki kipande cha mahali ambapo wengine ndio wanaoshika funguo. Na mahali penyewe ni hapa hapa Tenke.

Ili Bodi isidhani anatania, Mnunuzi amechukua kalenda na kuzigeuza hisa kuwa wiki. Novemba 1996, Gécamines ilipotiliana saini na kundi la Lundin, ilibaki na asilimia 45 ya mgodi wa Tenke Fungurume. Hizo ni wiki 23 na ushee: toka Mwaka Mpya hadi karibu katikati ya Juni, shaba yote ingekuwa ya nyumbani. Mwaka 2005 mkataba ukarekebishwa na hisa ikashuka hadi asilimia 17.5. Wiki zikawa tisa. Sikukuu ya Gécamines ikawa inaisha siku za mwanzo za Machi. Kisha ikaja tume ya kupitia upya mikataba ya madini, majadiliano yakavutana, na mwaka 2010 hisa ikapanda hadi asilimia 20. Wiki kumi na siku tatu. Mnunuzi anaipongeza Bodi kwa zile siku tisa zilizorudi, na anaomba kuelezwa, kwa faida ya wanunuzi wadogo, mtu anazipotezaje wiki 14 kwa mpigo bila kwenda likizo hata mara moja.

Maana hakuna aliyekwenda. Toka saini ya 1996 hadi bamba la kwanza la shaba kutoka kiwandani, Machi 2009, ilipita miaka 12 na zaidi. Vita vya 1998 vilisimamisha kila kitu, hilo Mnunuzi analielewa vizuri, alikuwepo. Lakini muuzaji wa kisiwani naye anasema jengo la pili litamalizika hivi karibuni, na karatasi yake ina picha iliyochorwa kwa kompyuta. Je, Bodi inashauri alipe kabla ya kuona paa?

Sasa kuhusu kisiwa chenyewe. Mnunuzi alidhani yeye ndiye mtu wa kwanza wa Tenke kufanya biashara na kisiwa. Alipouliza akaambiwa amechelewa sana. Zile asilimia 80 ambazo si za Gécamines hazikuwa mikononi mwa Wamarekani na Wakanada moja kwa moja. Zilikaa ndani ya kampuni iitwayo TF Holdings, iliyosajiliwa Bermuda, kisiwa cha Atlantiki chenye watu wachache kuliko Kolwezi. Ndani ya kampuni hiyo Freeport ya Marekani ilikuwa na asilimia 70 na Lundin ya Kanada 30. Mwaka 2016 Freeport ilipoamua kuondoka, iliiuzia China Molybdenum, ambayo leo inajulikana kama CMOC, fungu lake kwa dola bilioni 2.65. Kilichouzwa kilikuwa hisa za Bermuda. Mlima ulibaki pale pale, mwembe haukutikisika, na watu wa Tenke waliamka wakiwa na wenye nyumba wapya.

Gécamines ililalamika kwamba haikupewa nafasi ya kununua kwanza, ikaenda kwenye usuluhishi, na Januari 2017 pande zote zikapatana. Hapo Mnunuzi ana swali la moja kwa moja. Kama mshirika mwenye wiki kumi, mwenye mawakili na jengo Lubumbashi, anaweza kusikia habari za mauzo baada ya wengine, yeye mwenye wiki moja atazisikia lini hoteli ikiuzwa?

Anaogopa zaidi ile ada ya matunzo. Huko Visiwa vya Kanari, ambako biashara hii ya wiki imewashika Waingereza na Wajerumani kwa makumi ya miaka, malalamiko yanafanana: ada inapanda, mkataba hauishi, na mwenye wiki akizeeka hana wa kumwachia. Wapo wanaotangaza wiki zao kwenye intaneti kwa dola moja na bado hawapati mtu. Sheria ya Uhispania ya 1998 iliweka kikomo cha miaka 50, na mwaka 2015 Mahakama Kuu ya nchi hiyo ikasema mkataba usio na mwisho ni batili. Umoja wa Ulaya, kwa agizo la 2008, unampa mnunuzi siku 14 za kubadili mawazo, na ndani ya siku hizo muuzaji haruhusiwi kupokea hata senti. Afrika Kusini ilikuwa imekwisha kutunga sheria yake tangu 1983.

Siku 14! Mnunuzi amejaribu kuwaza jinsi mambo yangekuwa kama mwaka 2005 Gécamines ingepewa siku 14 za kulala na karatasi chini ya mto.

Na nani anahesabu vyumba? Swali hili amelitoa moja kwa moja kwenye jalada la Bodi. Katika makubaliano ya 2010 kulikuwa na kifungu kizuri: akiba ya shaba ikithibitishwa kuzidi tani milioni 2.5, kila tani 100,000 za ziada zitailetea Gécamines dola milioni 1.2. Tatizo ni kwamba mwenye kuchimba ndiye mwenye kupima. Mwaka 2021 serikali iliunda tume kwa sababu Gécamines ilidai akiba imetajwa pungufu, CMOC ikakanusha. Mwaka 2022 mahakama ya Lubumbashi ikateua msimamizi wa muda, na kuanzia Julai mwaka huo mizigo ya mgodi ikazuiwa kutoka nje. Aprili 2023 wakapatana: dola milioni 800 kwa Gécamines, zilipwe kidogo kidogo hadi 2028, pamoja na gawio lisilopungua bilioni 1.2 katika maisha ya mradi, na haki ya kuchukua na kuuza yenyewe sehemu yake ya shaba.

Yaani miaka 26 na ushee baada ya kusaini, mwenye wiki kumi akaruhusiwa kulala chumbani mwake. Mnunuzi ana umri wa miaka 46 na angependa kujua kama kuna njia ya mkato.

Watu wa Tenke si wageni wa kumiliki kwa zamu. Akina mama wa sokoni wanacheza likelemba: kila mmoja anatoa, mmoja anabeba, mwezi ujao mwingine. Tofauti ni kwamba anayekosa kuleta zamu yake anafuatwa hadi mlangoni, na mlango unajulikana. Mlango wa Bermuda haujulikani.

Kuna pia suala la pesa. Mnunuzi amejiwekea dola za karatasi, na Bodi inajua masharti ya dola katika nchi hii: noti ya 100 inanyooshwa, inainuliwa juani, inapapaswa pembeni, na ikiwa imechanika hata kama unywele inarudishwa kwa mwenyewe. Kabla ya tiketi kuna pasi. Kwa miaka kadhaa pasi ya Kongo iliuzwa dola 185, mojawapo ya pasi ghali kuliko zote duniani, na mwaka 2020 ikashuka hadi 99. Mke wa Mnunuzi, ambaye ndiye mwenye hesabu za nyumba, amesema pasi za watoto wanne ni karo.

Njia ya kwenda baharini, ajabu, ipo, na imejaa. Tenke ni njia panda ya reli: upande mmoja unakwenda Kolwezi, Dilolo na hatimaye Lobito, ambako reli ya Benguela iliunganishwa na Katanga mwaka 1931, upande mwingine unapanda Kamina. Barabarani malori yanashuka Likasi, Lubumbashi, Kasumbalesa, yakipita Zambia hadi Dar es Salaam, mabamba ya shaba yamefungwa kwa mikanda ya chuma. Pale Dar yanapakiwa melini, na ng'ambo ya mlango wa bahari kuna Zanzibar. Kila juma shaba ya Tenke inafika karibu kabisa na minazi ile ya kwenye karatasi. Mnunuzi ameishi kilomita chache kutoka mgodini na hajawahi kuona bahari. Wala huko Zanzibar hatamiliki kitu: ardhi yote ni ya serikali, na mgeni anakodishwa tu. Hilo halimshtui, sheria ya Kongo ya 1973 nayo inasema ardhi ni mali ya Leta, yaani serikali, peke yake.

Kabla hajamaliza, ameigeuza pia ile mirabaha kuwa siku, kwa kuwa wiki zilionekana kubwa mno. Kanuni ya madini ya 2018 inatoza shaba asilimia 3.5 ya thamani. Hiyo ni karibu siku 13 za mwaka. Serikali kuu inachukua nusu, siku sita na kitu. Jimbo la Lualaba robo, siku tatu. Mamlaka ya mahali, yaani wale ambao vumbi la malori linawaingia puani, asilimia 15, ambayo haifiki siku mbili. Asilimia 10 ni ya mfuko wa vizazi vijavyo: watoto ambao hawajazaliwa wamewekewa siku moja na saa zisizozidi saba. Juu ya mirabaha kuna asilimia 0.3 ya mauzo kwa maendeleo ya jamii, nayo ni siku moja na saa mbili. Muuzaji wa kisiwani anatoa siku saba kamili, pamoja na chai ya asubuhi.

Kwa haki yake, lazima isemwe kwamba kisiwa kimeshinda hesabu hiyo.

Wazee wa hapa bado wanakumbuka enzi za Union Minière na baadaye Gécamines, walipokuwa wakisema kampuni njo baba, njo mama: unga, shule, hospitali, nyumba. Mwaka 1986 Gécamines ilitoa tani zaidi ya 470,000 za shaba kwa mikono yake. Kwa mtoto kumwuliza baba yake namna ya kununua mali hakuna utovu wa adabu, hata kama baba mwenyewe aliuza viti.

Mwisho kuna ombi. Katika biashara ya wiki kuna utaratibu wa kubadilishana, ulioanzishwa Marekani mwaka 1974 na kampuni ya RCI: mwenye wiki Tenerife anaitoa, anapata wiki ya mwingine Florida. Mnunuzi yuko tayari kununua ile wiki ya kisiwani, kwa masharti kwamba mjumbe yeyote wa Bodi aichukue, na yeye apewe moja ya zile kumi za Gécamines hapa Tenke. Kiwanda kina uwezo wa tani 450,000 kwa mwaka. Wiki moja ni takriban tani 8,600. Anajua kwamba wiki za Gécamines, zikihesabiwa toka Januari, zinaangukia masika na matope hadi magotini. Ana viatu vya mpira. Chai ya asubuhi atajitegemea.

Muuzaji anataka jibu Ijumaa.

Mnunuzi, Tenke

Nakala: kwa wenye hisa, popote walipo