Shangazi wa Bwawani: Mbavu Si Hoja

Safu hii hupokea barua za wenye mabwawa ya bustani waliokosa usingizi. Wenye matatizo ya ndoa wana shangazi yao mwingine, ukurasa wa nyuma.

*Shikamoo Shangazi. Nimejenga bwawa la samaki wa mapambo nyuma ya nyumba, lina umbo la yai: mita 4 kwa 2.5, kina sentimita 80. Fundi ameweka skima, lile sanduku la ukingoni linalovuta maji ya juu pamoja na majani, na maporomoko ya mawe upande wa pili. Nikaenda kununua pampu. Muuzaji akaniuliza, "Ya ngapi?" Nikanyamaza. Nimerudi nyumbani na kandambili mpya. — Nimekwama, Mbezi*

Marahaba, mwanangu. Umefanya la maana. Wengi wakiulizwa "ya ngapi" hujibu "kubwa", na kandambili ni rahisi kuliko majuto yao.

Zidisha vipimo vyako: 4 kwa 2.5 kwa 0.8 ni mita za ujazo 8, yaani lita 8,000. Lakini yai halijazi sanduku, pembe nne hubaki tupu. Toa zaidi kidogo ya moja ya tano, unabaki na lita kama 6,300. Bwawa la kawaida maji yake yote yapite kwenye chujio angalau mara moja kila saa mbili. Ukifuga koi, ambao hula kama wageni wa harusi na kuchafua vivyo hivyo, yapite kila saa. Basi tushike lita 6,300 kwa saa.

Usikimbilie dukani bado. Skima nayo ina koo lake. Kaa mkao wa kuchutama uitazame mdomoni: pana kibao kinachoelea, na maji hupita juu yake yakiwa membamba kama chapati ya maji. Wembamba huo ndio unaovuta jani. Maji yakivutwa kidogo, jani litazunguka mlangoni kama mdeni aliyekuja kuomba muda. Yakivutwa kupita kiasi, sanduku litakauka kabla mdomo haujalijaza. Ndiyo maana karatasi ya skima huandikwa kiwango cha chini na cha juu cha lita kwa saa. Soma hiyo kabla ya kusoma karatasi ya pampu. Yako ikisema kati ya 5,000 na 10,000, hesabu yetu imo ndani.

Sasa kimo. Pima kuanzia uso wa maji ya bwawa hadi pale maji yanapotokea juu ya mawe. Kina cha sanduku la skima usikihesabu. Tuseme ni mita 1.2. Bomba nalo hula nguvu: mita 6 za inchi moja na nusu, zenye kona mbili tatu, kwa maji mengi kiasi hicho, zitakuongezea karibu mita nzima. Kwa hiyo unanunua pampu inayotoa lita 6,300 *ikiwa imepandisha mita 2*. Ile namba kubwa iliyoandikwa kwenye boksi ni ya pampu isiyopandisha kitu. Pampu ya "6,000" ambayo mwisho wake ni mita 3, ukiipandishia mita 2 inaweza kukuletea nusu, au pungufu. Nyuma ya boksi huwa kuna mchoro wa mstari unaoteremka. Muuzaji akikuambia huo ni urembo, vaa kandambili zako uondoke.

Ukishafunga, kinga ndoo ya lita 20 pale maji yanapotoka. Ikijaa kwa sekunde 12, una lita 6,000 kwa saa. Ikijaa wakati umeshamaliza kusimulia habari za jirani, tumeumia.

*Shangazi, mimi sipendi mambo ya nusunusu. Nilinunua pampu ya kisima, hosipawa moja, nikaifunga kwenye skima. Inakoroma usiku kucha, samaki wadogo wamepotea, na umeme unakwisha kabla ya mwezi. Ni jini? — Mwanaume Kamili, Nyali*

Si jini, baba. Ni pampu iliyozaliwa kupeleka maji juu ghorofani, nawe umeipa kazi ya kufagia ua. Pampu ya kisima husukuma maji machache kwenda mbali juu. Skima inataka maji mengi yaende karibu. Mbavu si hoja hapa. Kule kukoroma ni hewa: pampu isiyo na kimo cha kupandisha imevuta kupita kiasi, sanduku limekauka, mota inajitafuna. Samaki wadogo fungua kikapu cha skima uwatafute, na ujiandae.

Na umeme, hata tukihesabia wati 746 tu za hosipawa moja, saa 24 ni karibu yuniti 18 kwa siku, 537 kwa siku 30. Pampu ya bwawa ya wati 80 ingekula zisizofika 58. Hiyo kubwa iuze kwa mwenye kisima kabla haijaungua. Ikikosa mteja, iweke sebuleni wageni waione.

*Shangazi, nina mwembe. Majani yote hukimbilia ukingo usio na skima. Niongeze pampu? — Msafishaji wa Kila Siku, Tanga*

Usiongeze chochote, mwanangu. Toka nje utazame upepo. Kusi ikivuma, kuanzia Aprili hivi, hupeleka majani upande wa kaskazini wa bwawa. Kaskazi ikifika mwisho wa mwaka huyarudisha kusini. Wazee walijenga safari za majahazi juu ya jambo hili, na fundi wako ameshindwa kujengea sanduku moja. Kwa kuwa skima imeshazikwa, geuza mdomo wa bomba linalorudisha maji upige juu juu ya uso wa bwawa kuelekea skima. Na kiangazi chungulia kina: maji yakishuka chini ya mdomo wake, skima haivuti tena hata ukiifungia mtambo wa meli. Boya kama la tangi la choo, likiongeza maji lenyewe, linatosha.

*Mume wangu huzima pampu kila usiku kubana matumizi. Yuko sawa? — Mama Koi, Arusha*

Hayuko sawa. Usiku mimea ya majini hutumia hewa badala ya kuitoa, na alfajiri ndipo samaki huhema juu ya maji. Azime taa ya veranda.

Kwa ndugu aliyeuliza kama pampu ya skima inaweza pia kujaza tangi la ghorofa ya pili: haiwezi.

Wengine mnaotaka kuandika, leteni urefu, upana, kina, kimo cha maporomoko na picha ya karatasi ya skima. Picha ya bwawa lenyewe si lazima, yote yanafanana.